Siku niliyokataa kushika mkoba wa mgeni

Hii stori nimeikalia miaka kadhaa kwa sababu inaniaibisha, lakini juzi kuna kijana amenitumia ujumbe akiniuliza afanyeje, ati kanisani kwao ameimba, amefagia, amebeba maspika miaka minne, na uongozi wa vijana wamepewa watu waliokuja juzi tu. Anataka kujua ahame ama avumilie. Nikaanza kumuandikia mistari ya Biblia pale, nikafuta. Nikaona nikimjibu kwa maandiko matupu nitakua namdanganya, wacha nimjibu kwa yaliyonikuta mimi, na wengine mkisoma pia sawa.

Ilikua Jumapili ya harambee ya paa. Kanisa letu liko upande wa Kisauni, silitaji jina kwa sababu wenyewe wapo na ni watu wazuri. Mimi nilikua mwenyekiti wa kamati ya maendeleo, nimevaa suti nyeusi na tai, mwezi wa tatu, na wewe ukiwa mtu wa Mombasa unajua jua la mwezi wa tatu vile halina adabu. Kamati ilikua imetengeneza beji za plastiki zenye kamba ya buluu, zimeandikwa MTUMISHI kwa herufi kubwa. Zote zilikua sawa isipokua yangu. Mimi nilimpitia yule jamaa wa kuchapisha nikamwambia pale chini aniongezee "Mwenyekiti", nikamlipa mfukoni mwangu.

Sasa mgeni wa heshima akaja kwa geti la nyuma. Timu ya protokoli wako geti la mbele na maua yao na mwamvuli wao, huku nyuma niko mimi peke yangu nazungumza na simu. Akashuka, mzee wa makamo, jasho linamtoka, akanyoosha mkono na mkoba na koti juu yake, akaniambia, "Kijana, hebu nishikie hapa, na unitafutie maji ya baridi."

Mikono yangu haikunyanyuka. Nikamwambia, tena kwa sauti ya upole kabisa, ile ya kikanisa, "Samahani mtumishi, mimi ndio mwenyekiti. Ngoja nikuitie mtu."

Ule mkoba ukabaki umening'inia katikati yetu. Ilikua sekunde chache lakini mpaka leo nikiukumbuka nauona, wa ngozi ya kahawia, zipu imefunguka kidogo, Biblia inachungulia. Halafu akatokea mama wa jikoni, amebeba beseni la kachumbari, akaliweka juu ya kiti, akapangusa mikono kwa leso aliyojifunga kiunoni, akaupokea ule mkoba kwa mikono miwili. "Karibu baba, karibu sana, pole na jua." Dakika mbili maji yakaja kwa gilasi, juu ya kisahani. Mimi nikaingia ndani nikakaa meza kuu, nikaomba maiki nikatambulisha wageni.

Mke wangu aliona yote kwa dirisha la jikoni. Hakunisema, na hilo ndilo lililonimaliza. Jioni aliposhika koti langu akaivua ile beji akaitundika kwa msumari ulio juu ya karo ya kuoshea vyombo. Ikakaa hapo wiki mbili, kila nikienda kunawa mikono inanitazama. MTUMISHI.

Hebu tulitazame hili neno maana sisi Wakristo wa huku tumelifanyia maajabu. Mtumishi ni mtu anayetumwa, anayetumika, anaambiwa leta anapeleka. Lakini leo ukimwita mtu mtumishi ni kama unampigia saluti. Mtumishi amefika, mtumishi apewe kiti kile cha mapambo, mtumishi asishike kitu, kuna kijana wa kumbebea Biblia na tunamwita mbeba silaha, na maji yake yako kwa kimeza na kitambaa juu. Sisemi tusiheshimu wachungaji, mimi mwenyewe nikiwaona nasimama. Nasema tu neno lilianza chini likapanda ngazi, na sisi tukapanda nalo, halafu tukashangaa mbona huku juu hakuna anayeosha vikombe.

Hata shemasi ni hivo hivo. Mimi nimekulia Anglikana, baba yangu ni Mrabai, kwetu shemasi ni mtu wa kanzu nyeupe na nyimbo. Kumbe neno lenyewe limetufikia kwa Waarabu na huko nyuma maana yake ni mtu wa kuhudumu tu. Na lile la Kigiriki lililoko kwa Injili, diakonos, ni huyo huyo, mtu anayeweza kua wa kuhudumia meza, kupeleka sahani na kumimina. Kwa hivo Yesu aliposema anayetaka kua mkubwa awe mtumishi, wale jamaa hawakuona kanzu. Waliona mtu ameshika sahani.

Na mazingira aliyosemea ndio yananifurahisha zaidi. Kwa Marko 10, Yakobo na Yohana wanamfuata pembeni wanaomba viti, mmoja kulia mmoja kushoto. Mathayo yeye anasema ni mama yao ndiye alikuja kuwaombea, na mimi hapo huwa nacheka kwa sababu huyo mama namjua, yuko kila kanisa. Wale wanafunzi wengine kumi waliposikia wakakasirika. Usidhani walikasirika kwa utakatifu, walikasirika kwa sababu wametanguliwa, kila mmoja alikua na kiti chake kichwani. Luka yeye anauweka ugomvi kama huo palepale kwa chakula cha mwisho, usiku wa kuamkia msalaba, bado wanabishana nani mkubwa! Tena viti vyenyewe, ukisoma sura tano mbele kwa Marko unakuta waliokuja kuwekwa kulia na kushoto kwake ni wanyang'anyi wawili, wametundikwa. Yesu aliwaambia hamjui mnachoomba.

Lakini kuna kitu nilikua sijakiona miaka yote. Hakuwagombeza kwa kutaka ukubwa. Hakusema ukubwa ni dhambi kaeni kimya. Alisema "mtu anayetaka kuwa mkubwa kwenu", yaani sawa, taka, lakini unaukosea anuani. Unatafuta nyumba Nyali kwa matajiri na mwenye nyumba anaishi Likoni kwa watu wa kawaida.

Sasa mimi nilivoelewa hayo baada ya ile aibu ya mkoba, nikafanya kosa la pili, na hili ndilo naona kijana wangu uko nalo, kwa hivo nisome vizuri. Nikaamua kua mnyenyekevu. Kwa nguvu. Nikatangaza kwa kikao kwamba mwenyekiti mwenyewe ataosha vyoo vya kanisa kila Jumamosi. Watu wakasema amen.

Kuosha vyoo huku kwetu si mchezo. Maji ya mfereji yanakuja siku yanayotaka, kwa hivo unanunua kwa wale wa mkokoteni, mitungi ya lita ishirini, ama unateka ya kisima yenye chumvi, sabuni haitoi povu, unasugua mpaka mkono unauma na ukikauka sakafu inabaki na ukungu mweupe kama hujafanya kitu. Jumamosi ya kwanza nilipiga picha. Sijifichi, nilipiga picha nimeshika brashi nikaiweka kwa grupu ya WhatsApp ya kanisa, nikaandika "kwa utukufu wa Mungu". Ya kwanza nilipata mioyo na mikono ya kushukuru arubaini na kitu, nilihesabu. Ya pili kumi na mbili. Ya tatu mmoja akauliza kama fedha za mitungi zimetoka kwa akaunti ya kanisa.

Ya nne nikafika nikakuta watoto wa Jumamosi wamemwaga matope kila mahali, nikasimama pale na mtungi nikajiskia hasira mpaka masikio yakawa moto. Kichwani nasema, hawa watu hawajui hata nani anawaoshea. Na ilipofika wiki ya sita nikapata kisingizio, mgongo. Mgongo wangu hauna shida yoyote mpaka leo.

Tunapenda kusema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni methali nzuri lakini nadhani kanisani imetupoteza, kwa sababu ndani yake kuinama ni gharama tu. Unainama, unachukua chako, unasimama na kusonga. Mimi niliinama vile, mkono ukipapasa chini ya kitanda ukitafuta heshima. Yesu wa Yohana 13 alipoinama na bakuli la maji kuwaosha wanafunzi miguu hapakua na kitu mvunguni. Alikua tayari anajua ametoka kwa Mungu na anarudi kwa Mungu, mstari wa tatu unasema hivo kabla hajavua vazi, halafu ndio akajifunga kitambaa. Na miguu ya Yuda ilikua hapo, alitoka baadaye, kwa hivo hesabu mwenyewe, aliosha jozi kumi na mbili akijua ya nani itatembea kwenda kumuuza usiku uleule. Hapo hapana picha ya kuweka kwa grupu.

Biblia yetu ya Kiswahili ya zamani inasema "kuwatawadha". Ukizaliwa Mombasa neno hilo hulijifunzi kanisani, unalijua kutoka kwa jirani. Unaona wazee msikitini wamekaa kwa vile viti vya saruji kwa mfereji, wamekunja kanzu, wanatia maji mpaka katikati ya vidole vya miguu, pole pole, kila mtu anatawadha mwenyewe. Mimi nilipokua mdogo nikisoma Petro anakataa kutawadhwa nilikua namuelewa kabisa, mtu mzima anatawadhwaje na mwenzake?

Nilikuja kumuelewa zaidi kwa baba yangu.

Mzee wangu alifanya kazi bandarini maisha yake, mwisho akawa wa kreni, mtu wa kimya, mkubwa, sauti nzito, sisi watoto tukisikia viatu vyake kwa ngazi redio inazimwa. Ana sukari miaka mingi. Siku moja alikwenda Kongowea kununua mahindi akatembea soko zima na kijiwe ndani ya kiatu, hakuskia kitu, kwa sababu sukari ikishakaa inaua hisia za miguu. Usiku anavua soksi, damu. Chini ya kidole gumba kuna shimo. Zahanati wakasafisha, wakasema kidonda kifunguliwe na kufungwa kila siku, na kumpeleka kwa tuktuk kila siku ni pesa ambazo hatukua nazo. Nesi mmoja, Mungu ambariki, akaniambia njoo hapa nikufundishe, si kazi ngumu, ni kazi ya subira.

Mke wangu angeweza, tena vizuri kuniliko, lakini kwetu mkwe hamshiki baba mkwe miguu, na mzee asingekubali hata kwa bunduki. Dada zangu wako mbali. Nikabaki mimi.

Siku ya kwanza nimekaa chini kwa kigoda, beseni mbele, glavu mkononi, mzee akaurudisha mguu chini ya kiti. Akasema, "Wewe nimekuosha mimi. Wewe hutaniosha mimi miguu." Sikutaka kucheka lakini nilikua nalijua jibu la mstari huo. Sikumjibu Kibiblia. Nilimwambia, "Baba, nesi atanigombeza." Akaninyooshea, huku anatazama ukuta.

Nielezee kidogo kwa sababu kuna watu wana wazee nyumbani na hawajafundishwa. Maji yawe vuguvugu na uyapime wewe kwa kiwiko, usimuulize mgonjwa kama ni moto, yeye hajui, anaweza kuungua na asiskie. Mguu usiuloweke kwa beseni, unaosha haraka. Kidonda chenyewe ni kwa ile seline ya zahanati na shashi safi, si kwa sabuni wala dettol wala dawa ya kuambiwa na jirani. Unakausha katikati ya vidole, hapo ndio watu husahau, unyevu ukikaa hapo ngozi inapasuka. Na huo mguu mwingine mzima unautazama kila siku chini na kila upande, na viatu unavikung'uta kabla hajavaa. Ukiona weusi ama harufu imebadilika unakwenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje Jumatatu.

Na harufu. Sijui niiseme vipi. Inakaa puani mpaka kwa chai ya asubuhi. Siku ya pili au ya tatu niligeuza uso, kidogo tu, nikadhani hakuona, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuiskia kwake, "Ukiona kinyaa, acha." Ilinikata. Mtu aliyekua akinyanyua makontena juu ya meli, ananiomba ruhusa ya kunuka.

Sikuacha lakini pia sikua malaika. Kuna asubuhi nimechelewa kazini nilifunga ile bandeji kwa hasira, nikamrushia maneno, nikatoka bila kumuaga, nikarudi jioni naye ameketi palepale, hajasema kitu. Ilichukua karibu miezi minane, na kidole kimoja kikakatwa katikati ya safari hiyo. Lakini kitu kilibadilika na sikuona kilipobadilika. Mwanzo nilikua navuta mguu wake kutoka chini ya kiti. Baadaye nikawa nikiingia mlangoni nakuta mzee ameshakunja suruali, mguu uko juu ya kigoda unaningoja, na ameanza hadithi za bandarini, nani alianguka baharini mwaka gani, bosi gani alikua mlevi. Miaka thelathini na kitu sikuwahi kuzungumza na baba yangu hivo.

Na uchaguzi wa kamati ukapita. Mimi mwenyewe, niliyelipia beji, nilikuja kujua baada ya wiki mbili kwamba kuna mwenyekiti mwengine. Nikaambiwa na mtu kwa matatu. Nikaskia tu "aa, sawa", nikaendelea kufikiria kama shashi imebaki nyumbani ama nishukie Kengeleni ninunue.

Na hapo Kengeleni nikusimulie kitu, maana kuna upande mwengine wa hili jambo ambao wahubiri wengi wanauruka. Ile kengele unayoiona pale ukitoka Nyali ni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa miaka ya 1870 na wamishenari wa CMS, lile shirika la Kianglikana la Uingereza, kwa ajili ya watumwa waliokombolewa kutoka kwa majahazi. Wazee wanasema ilikua inapigwa kuwaonya watu wakiona wanyakuzi wanakuja. Wajukuu na vitukuu vya watu wale wako hapa nasi, tunasali nao. Kwa hivo neno mtumwa kwa mtu wa Mombasa si neno la kuchezea. Na Yesu alilitumia, ati "atakuwa mtumwa wa wote". Mimi nikipita pale na matatu huwa najiuliza yule mtu wa kwanza aliyeshushwa pale na alama za minyororo, aliposomewa mstari huo alijiskiaje.

Ninachokiona mimi ni hiki. Maneno yale yaliambiwa watu waliokua wanataka viti. Hayakuambiwa wajakazi. Waliokua chini hakuwaambia shukeni tena, aliwaambia inuka, simama wima, binti enda kwa amani. Paulo akiwaandikia Wafilipi anasema Kristo alijishusha mwenyewe, mwenyewe, hakusukumwa na mtu. Kwa hivo ukiona mahali unyenyekevu unahubiriwa kwenda chini tu, mhubiri hajawahi kushika ufagio lakini kila wiki anawafundisha kina mama na vijana wajishushe, hapo ndugu yangu fungua macho. Dada wa kazi ambaye hujamlipa miezi mitatu usimwambie habari za kutumika kwa moyo. Mlipe. Na kama ni wewe ndio unatumiwa hivo, unabeba maspika mpaka unakosa kazi yako na mtihani wako, kukataa si kiburi. Yesu mwenyewe kuna asubuhi Kapernaumu watu wote walikua wanamtafuta, yeye yuko mahali pa faragha anaomba, akaambiwa akasema twendeni kwengine.

Krismasi ile kidonda kilipofunga tulimpeleka mzee kwao Rabai. Anatembea na fimbo, pole pole, akataka tupite kanisa la zamani na ile nyumba ya makumbusho. Watu wa mjini wanamjua Krapf, yule mmishenari Mjerumani aliyefika Mombasa 1844 na mwaka huohuo akamzika mkewe hapa ng'ambo ya Nyali. Jina lake liko kila mahali. Lakini mzee wangu yeye ni mtu wa Rebmann, mmishenari mwenziwe. Rebmann alikuja 1846 wakafungua misheni ya Rabai pamoja, 1848 akauona Kilimanjaro una theluji, akaandika, na wataalamu wa Ulaya waliokaa na ramani zao wakamcheka, ati theluji karibu na ikweta. Krapf akarudi kwao 1853. Huyu akabaki. Akabaki Rabai, waumini wa kuhesabika kwa vidole, anakusanya maneno ya lugha zetu kwa kamusi, mpaka 1875, na alipoondoka alikua hana macho, amekua kipofu, mwaka uliofuata akafa. Na wa kwanza kabisa kubatizwa na wale wamishenari, huyo ni mtu wetu, aliitwa Mringe, alikua mlemavu, tena alikua kitandani anakufa. Kanisa lote hili la Kenya lenye maspika na viti vya mapambo, mlango wake wa kwanza ulipitwa na mtu asiyeweza kutembea.

Mzee akasimama pale kivulini ameegemea fimbo, akasema, "Huyu aliona mlima ambao Wazungu wenziwe hawakuamini, mwisho anashikwa mkono kwenda chooni." Akacheka peke yake. Halafu akasema, "Na alikubali kushikwa." Akaninyooshea mkono nimsaidie kushuka ngazi. Mzee wangu! Kama ungemjua zamani ungeelewa kwa nini niliangalia pembeni.

Kwa hivo hapo pia nimejifunza kitu ambacho sikukitegemea, kwamba kuhudumiwa ni kazi ngumu kuliko kuhudumu. Petro alikua tayari kufa kwa ajili ya Yesu, alisema hivo usiku uleule, lakini kuoshwa miguu hakutaka. Wengi wetu tunaopenda sana kusaidia watu hatutaki kusaidiwa hata kikombe cha sukari, kwa sababu ukisaidia uko juu. Jipime hapo. Mara ya mwisho ulimwomba mtu msaada lini?

Sasa kijana, umeniuliza uhame ama uvumilie. Mimi sijui kanisa lenu. Ninalojua ni kwamba hiyo miaka minne umeihesabu, na mimi nilihesabu wiki sita, kwa hivo tunajuana. Tafuta kitu kimoja ambacho hakuna mtu wa kukupigia makofi, na ikiwezekana kianze nyumbani, kwa mtu aliyekuona ukiwa umekasirika, sio kwa mkutano. Mpeleke mamako kliniki ukae naye kwa foleni bila simu. Kaa na huyo jirani ambaye akili zimeanza kumpotea wakati binti yake anakwenda sokoni. Fanya mpaka usahau ulianza lini. Maspika unaweza kuendelea kubeba ama kuacha, hilo ni dogo. Na wale waliopewa uongozi, jaribu wiki moja uwaombee kwa majina, utajua haraka moyo wako uko wapi, mimi nilijaribu kumuombea mwenyekiti mpya na jina lake lilikua linanikwama kooni kama mfupa wa samaki changu.

Yule mama wa jikoni nilimfuata nikamwomba msamaha, baada ya muda mrefu. Nilikua nimejiandaa, nimepanga maneno. Hakukumbuka. "Mkoba gani?" akaniuliza, kweli kabisa, hakua ananifichia. Kwake ilikua ni mgeni amefika na jua ni kali. Akanisogezea beseni la vitunguu akaniambia kama nina nafasi nimenye, kina mama wamechelewa.

Na usidhani nimepona. Mwezi uliopita tulikua matanga kule Mazeras, watu wengi, mimi niko pale nimesimama na shati jeupe, mzee mmoja nisiyemjua akanipigia kofi kuniita, "We kijana wa maji! Huku hatujapata!" Nina miaka arubaini na moja. Nikaskia kitu kinapanda kifuani, kilekile, joto lilelile, na maneno yameshafika mdomoni, "Samahani mzee, mimi si…" Nikaenda. Dramu ilikua tupu, ikabidi niuchukue mtungi nitafute mfereji ulipo.